Nyumba Ikizidi Nguvu za Mwenyewe

Somo kwa wenye nyumba waliokwisha kuwa wazee, na kwa walimu wa dini wawatembeleao. Msome kwanza Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, mstari wa 31 hata wa 39.



Mchungaji apelekapo Chakula cha Bwana kwa wazee wasioweza tena kufika kanisani, na mwalimu wa dini akifuatana naye, jambo moja huonekana mara nyingi katika mitaa ya Mkuu, na vivyo hivyo Mwika na Marangu. Hubisha hodi mbele, penye mlango mzuri wa mbao na baraza ya saruji, wala hawajibiwi. Hubisha mara ya pili. Ndipo sauti huwajia kutoka nyuma: "Karibuni, piteni huku jikoni." Wakizunguka humkuta mama mzee ameketi karibu na mafiga, na kitanda chake kimewekwa pembeni kando ya magunia ya mahindi, na moshi umejaa hata macho yatoka machozi. Nyumba kubwa imefungwa. Ina vyumba sita au saba, viti vimefunikwa vitambaa, na ufunguo umefungwa katika pindo la khanga ya mama. Wakimwuliza ni nani akaaye humo, hujibu, "Ni ya watoto, wakija Krismasi."

Mama huyu amekwisha kuhama katika nyumba yake. Lakini hakuna siku aliyoamua kuhama. Alianza kwa kuacha chumba kimoja kisifagiliwe, kisha cha pili; baridi ya mwezi wa Julai ikamsogeza karibu na moto; mwisho akahamisha blanketi. Hakuna aliyeomba pamoja naye siku ile, wala hakuna aliyemtengenezea mahali pa kukaa. Alihama kama maji yahamavyo, kwa kuteremka tu.

Tunataka kuuliza katika somo hili: Je, ni wakati gani uwapasao wazee kuiacha nyumba kubwa na kuingia katika nyumba ndogo, na ni nani aamuaye? Twajua ya kuwa maneno haya "nyumba ndogo" yametiwa uchafu siku hizi, hata mtu akiyatamka barazani vijana hucheka. Sisi twayatumia kwa maana yake ya kwanza, yaani nyumba yenye vyumba vichache.

Sasa tumwangalie Barzilai. Alikuwa mtu tajiri sana wa Rogelimu katika nchi ya Gileadi. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu na kufika Mahanaimu pamoja na watu wake wenye njaa, Barzilai alikuwa mmoja wa wale watatu waliomletea vitanda na vyombo na nafaka na asali na kondoo. Hayo mtayasoma katika sura ya 17. Vita vilipokwisha mfalme alitaka kumlipa. Akamwalika aende Yerusalemu, akae mezani pake siku zake zote. Ni nani angaliukataa mwaliko huo? Barzilai aliukataa. Akaitaja miaka yake mbele ya mfalme, miaka themanini, akakiri ya kuwa chakula hakimpi ladha tena na waimbaji hawasikii vema, na kwamba huko angekuwa mzigo tu. Akaomba ruhusa arudi kwao, ili afe karibu na kaburi la baba na mama yake. Mahali pake akamtoa Kimhamu, ambaye wengi humdhania kuwa mwanawe.

Labda msomaji atasema, "Mbona Barzilai hakuhama? Alikataa kuhama!" Ni kweli, na kwa sababu hiyo twalipenda somo hili. Barzilai alikataa maisha makubwa kupita nguvu zake. Mwingine hupatwa na jaribu hilo kwa kualikwa katika jumba, mwingine kwa kubaki ndani ya jumba lake mwenyewe. Wote wawili yawapasa kujua kiasi chao. Tena aliyasema hayo mwenyewe, na aliyasema mapema, maana alikuwa bado aweza kushuka kutoka Rogelimu hata mto Yordani kumsindikiza mfalme. Hakungoja mpaka wanawe wamjadili huku amelala. Wala hakuona haya kuutaja udhaifu wake mbele ya mkubwa, jambo ambalo kwetu ni gumu sana. Mzee wetu akiulizwa hali hujibu, "Sijambo," hata kama usiku ule ameanguka njiani kwenda chooni.

Kwa wazee wa Rombo, Yerusalemu ni Dar es Salaam. Mwana aliyefanikiwa humwambia mama yake, "Njoo ukae kwangu, utakula vizuri, hospitali iko karibu." Anasema kwa upendo, nasi hatumlaumu. Lakini tumewaona waliokwenda. Mama hukaa ndani ya ukuta na geti, mwana na mkwewe huondoka alfajiri na kurudi usiku, jirani hajulikani jina, na joto lamchosha mtu aliyezoea hewa ya mlimani. Baada ya miezi michache huanza kuuliza habari za ndizi zake. Wako wanaopatwa na ugonjwa unaohitaji daktari kila juma. Hao yawapasa kwenda, tena bila kunung'unika. Wengine wote watafakari kwanza kama hakuna njia ya katikati, yaani kubaki katika kihamba chao, ila katika nyumba iliyo ya kiasi chao.

Wazee wetu wa zamani hawakuhitaji somo la namna hii. Nyumba zao zilikuwa za miti na majani, za mviringo, na kila mke alikuwa na yake. Majani yalioza, miti ikaliwa na mchwa, na baada ya miaka kadha nyumba ilijengwa upya. Kila ilipojengwa mtu aliweza kuipima tena kwa watu waliobaki. Kisha kahawa ilileta fedha, hasa baada ya wakulima kuunda chama chao mwaka 1925 na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Polepole yakaja mabati, mawe na tofali. Ni baraka, wala hatutamani kurudi chini ya majani yavujayo. Lakini nyumba ya majani ilizeeka pamoja na mwenyewe. Nyumba ya tofali haifanyi hivyo, mwenyewe huzeeka ndani yake peke yake.

Tena ilikuwapo desturi ya urithi. Mwana wa kwanza alipewa mahali pake, wa katikati walitafuta ardhi kwingine, na kitinda mimba alibaki katika nyumba ya wazazi. Nyumba ilikuwa yake, na wazazi walikuwa juu yake. Desturi hii ilijibu maswali mawili kwa neno moja: nani atarithi nyumba, na nani atawatunza wazee. Siku hizi kitinda mimba yuko Arusha, au Mwanza, au ng'ambo. Urithi angali anao, lakini utunzaji umeanguka chini, na hakuna aliyeteuliwa kuuokota. Hapo ndipo nyumba kubwa inapoanza kuwa mzigo. Yajengwa na kupakwa rangi kwa ajili ya majuma mawili ya mwezi wa Desemba, na majuma hamsini mama huilinda kama askari.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni la mlimani tu. Liliingia hata katika nyumba ya Dr. Martin Luther. Yeye na mkewe Katharina von Bora walikaa Wittenberg katika jengo lililokuwa nyumba ya watawa, jengo kubwa mno, ambalo Mtawala wa Saksonia aliwapa liwe mali yao mwaka 1532. Lilijaa watoto, yatima wa ndugu, wageni, na wanafunzi waliolipa chakula na malazi. Luther aliona ya kuwa atakapokufa nyumba ile itamlemea mjane. Basi mwaka 1541 alinunua nyumba ndogo iliyokuwa jirani, na katika wosia wake wa tarehe 6 Januari 1542 akamwandikia Katharina nyumba hiyo, pamoja na shamba la Zülsdorf. Sababu aliyoitaja yafaa isomwe katika kila mkutano wa ukoo: hakutaka mama awe mtu wa kutazama mikono ya watoto, bali watoto ndio wautazame mkono wa mama.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Luther aliandika wosia ule mwenyewe bila kufuata kanuni za wanasheria, kwa kuwa hakuwapenda. Alipofariki tarehe 18 Februari 1546 wosia ulitiliwa shaka, hata ikabidi Mtawala Johann Friedrich authibitishe. Na Katharina, je, aliingia katika nyumba ndogo? Hakuingia. Washauri wa serikali walimtaka apunguze watu wa nyumbani mwake. Yeye akashikilia nyumba kubwa, ili watoto wake wasitawanyike na wanafunzi waendelee kumlipa. Vita vilimfukuza mji mara mbili, mashamba yake yakaharibiwa, naye akarudi na kuwapokea wanafunzi tena. Mwaka 1552 tauni ilipoingia Wittenberg aliondoka kwenda Torgau, akaumia njiani kwa ajali ya gari la farasi, akafa huko tarehe 20 Desemba. Warithi waliiuza nyumba kubwa kwa chuo kikuu mwaka 1564.

Wako wanaosema Katharina alikuwa mkaidi. Sisi hatusemi hivyo. Nyumba yake ilikuwa bado na kazi. Kila chumba kilikuwa na mtu, na kila mtu aliyelala humo alimletea riziki. Mumewe alifanya vema kumtengenezea mlango wa kutokea, naye alifanya vema kutoupita kabla ya wakati wake. Basi hatuwezi kuhesabu miaka wala vyumba tu. Swali ni hili: mwaka huu nyumba imenitumikia mimi, au mimi nimeitumikia nyumba?

Mtu ajibu kwa kuangalia mambo madogo. Bati likivuja katika chumba cha mwisho, yeye hujua siku ile ile au baada ya mwezi? Fedha ya ndizi na kahawa yaenda katika chakula na dawa, au katika rangi na vitasa? Usiku wa mvua za masika, njia ya kwenda chooni ina hatua ngapi, na ina ngazi? Wako watu wangapi waliolala katika nyumba hiyo tangu Pasaka? Mwenye kujibu maswali hayo kwa kweli hatamhitaji mtu mwingine wa kumwambia wakati umefika.

Lakini wakati mmoja haufai kabisa, nao ni wakati wa msiba. Tumeona ndugu wakikaa siku ya nne baada ya maziko, matanga hayajaanuliwa, nao wamekwisha kugawana vyumba na kumpangia mjane mahali pa kwenda. Mjane hunyamaza, nao huhesabu ya kuwa amekubali. Hajakubali, amechoka. Mwacheni apitishe masika moja na Krismasi moja katika nyumba yake. Baada ya hapo mwulizeni.

Tuwape habari ya mzee mmoja, bila kutaja jina wala mtaa. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mwenye nguvu bado, naye aliona ya kuwa nyumba yao ya vyumba saba imewazidi yeye na mkewe. Akajenga nyumba ya vyumba viwili chini kidogo katika kihamba, karibu na njia. Siku ya pili ya Krismasi, watoto na wajukuu wakiwa wote wamekusanyika, alisimama baada ya sala, akamkabidhi kitinda mimba funguo za nyumba kubwa. Watu wakapiga makofi. Mkewe akainuka, akaenda migombani, akalia.

Hakuulizwa. Alikuwa ameona ujenzi, akadhani ni nyumba ya kupangisha. Mawe ya msingi wa ile nyumba kubwa aliyabeba yeye kichwani, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Na sasa imetolewa mbele ya macho yake kama kuku wa zawadi.

Yule mzee alijua kosa lake kabla ya jioni. Akazitwaa funguo tena, akakata jani la masale katika mpaka wa kihamba, akampelekea mkewe kuomba msamaha, kama desturi ya Wachaga ilivyo. Wasomaji wengine watauliza kama yafaa Mkristo kutumia masale. Sisi hatuoni ubaya, maana jani lilisema aliyoshindwa kuyasema kwa kinywa. Mwaka mzima ulipita. Kisha alimwuliza, "Mama, wewe waonaje?" Naye alikuwa na neno tayari. Alikubali kuhama kwa masharti yake: jiko liwe na bomba la kutolea moshi, na mlango wake utazame njia, ili awaone wapitao kwenda sokoni nao wamwone, tena chumba kimoja katika nyumba kubwa kikae na mpangaji, siyo kufuli. Walihama kabla ya masika, wakibeba kila mtu kiti chake.

Hata sheria ya nchi ingekuwa upande wa mama huyu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuitoa nyumba ya ndoa bila kibali cha mwenzake, ikiwa ni kwa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Desturi imnyimayo haki hiyo haina nguvu. Twayaandika haya kwa ajili ya wazee wa kanisa, maana wao ndio waitwao kuwa mashahidi, nao wasitie sahihi zao mahali ambapo mama hakuulizwa. Na wosia uandikwe mapema mbele ya mashahidi wafaao. Dr. Luther mwenyewe angetushauri hivyo baada ya kuyaona yaliyompata mkewe.

Iko shida nyingine, nayo ni aibu ya watoto. Husema, "Watu watasemaje? Watasema tumemtupa mama kibandani." Aibu hii ina nguvu kuliko tuwezavyo kukiri. Kwa ajili yake nyumba nyingi zimeongezwa ghorofa huku mama akiendelea kulala jikoni kwenye moshi. Twawaomba wana na binti walio mbali: mkija Desemba, msiulize rangi ya ukuta. Ulizeni mama analala wapi mwezi wa Julai, mkaingie humo, mkalale usiku mmoja.

Kuhusu ujenzi tuna machache. Vihamba vyetu ni vidogo. Wataalamu walioandika mwaka 1984 walikadiria wastani wa hekta 0.68, yaani kama eka moja na theluthi mbili, na tangu hapo vimegawanywa tena. Kwa hiyo msikate migomba na kahawa ovyo. Mara nyingi yatosha kuitengeneza nyumba ya zamani ya jiko, au kukitenga chumba kimoja cha pembeni kiwe na mlango wake. Choo kiwe karibu, bila ngazi. Mlango uwe mpana, kwa kuwa iko siku watu wawili watapita wakimshika wa tatu. Nyumba kubwa nayo isiachwe bure. Mkuu ni makao makuu ya Wilaya ya Rombo. Wapo waalimu, wauguzi na watumishi wengine watafutao vyumba, na kodi ya chumba kimoja ni dawa na sukari ya mwezi. Yuko pengine mjukuu asomaye karibu. Huyo ndiye Kimhamu wenu. Ila makaburi yaliyo kihambani yapimwe mbali na mapatano yote, wala yasiingie katika kodi wala katika mauzo.

Mwalimu wa dini asijifanye mwamuzi. Kazi yake ni kuketi na kuuliza, kwanza kwa mzee peke yake, kisha kwa mume na mke pamoja, mwisho kwa watoto. Akiona mama amekwisha kuhamia jikoni, asimkemee wala asimpongeze, amwulize tu, "Mama, hapa ulipo ulipachagua?" Mara nyingi jibu huchukua muda mrefu kuja, naye angoje.

Na siku ya kuhama, waitwe majirani. Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mstari wa 8 hata wa 10, habari za yule mwanamke wa Shunemu aliyemtengenezea nabii Elisha chumba kidogo, akatia humo kitanda na meza na kiti na taa. Mwalimu ahesabu vitu hivyo vinne katika nyumba mpya mbele ya watu wote. Kikipungukiwa kimoja, watoto wakilete kabla ya sala. Taa ndiyo husahauliwa mara nyingi.